Ile ya Simu

Mwalimu wetu wa Kizungu alikuwa na desturi moja: hataki tafsiri. Ukimuuliza neno fulani maana yake nini kwa Kiswahili, anakwambia, "Mamangu, usiniulize, nionyeshe." Basi "carry" tulijifunza kwa kubeba ndoo, "sweep" kwa ufagio wa madrasa, na siku ya "push" bibi mmoja mnene alisukumwa mpaka akaikalia chaki. Sisi watu wazima, wengine wana wajukuu, tulikuwa tukicheka mpaka mwalimu, mtoto wa watu, anatuomba tupunguze sauti kwa sababu jirani ana mgonjwa.

Naandika haya kwa ajili ya neno moja alilotufundisha, ambalo sasa nalijua kuliko maneno mengine yote ya Kizungu. Sina hakika kama nitalieleza sawa. Niliishia darasa la sita, na kuandika kwangu ni kule kwa kila jioni, mistari mitatu minne: mvua imenyesha, mahamri yamekataa kuumuka, fulani ameoza binti. Na tena, mambo yenyewe yanamhusu mtu aliyenitendea wema mkubwa. Kwa hivyo nitaanza na huo wema, nisije nikaonekana nimeusahau.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Changamwe, kwenye depo ya mafuta, kazi ya kukagua malori getini. Sisi twakaa Likoni. Kila siku alasiri, akishafika kwenye feri upande wa kisiwani, alikuwa akinipigia simu. Hasemi mengi. "Niko feri." Basi. Nikisikia hivyo naweka sufuria ya chai motoni, na chai ikishachemka vizuri, mwenyewe anabisha hodi. Tangu simu za mkononi ziingie mtaani kwetu, mimi na yeye hatukuzungumza kwenye simu zaidi ya maneno hayo mawili. Kama nina jambo la kumwambia, nilikuwa nangoja kwanza anywe chai.

Alifariki kazini, asubuhi, kwa presha. Hakuna wa kulaumiwa. Mimi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani kama dini inavyotutaka tuliofiwa na waume. Hujipambi, hujifukizi udi, hutoki ila kwa dharura. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu mpaka ndara hazina pa kuwekwa mlangoni. Wiki ya pili wakapungua. Baadaye kila mtu ana kwake, na hilo silaumu. Asiyekoma kuja alikuwa shoga yangu mmoja.

Nyumba yake na yangu zaelekeana. Katikati ni uchochoro, mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Yeye huuza viazi karai barazani kwake jioni. Ni yeye aliyekuwa akiniendea sokoni. Ni yeye aliyenichana nywele nilipoziacha zikawa mafundo. Zile siku ambazo chakula kilikuwa hakipiti, alikuwa akikaa na sahani mapajani, ananiangalia, hasemi kitu, mpaka mimi mwenyewe naona haya na kula. Majuma ya mwanzo alilala chumbani kwangu, na kwake ana mume na watoto.

Na alinichekesha. Hilo nalo lihesabiwe. Shoga yangu ni mwigaji, Mungu amempa. Kwenye mikesha ya harusi hapa mtaani, ngoma ikipumzika, wanawake humvuta katikati ya mkeka awaigizie watu: yule askari wa feri anayewafokea wapanda baiskeli, yule bibi anayetafuta miwani na miwani iko usoni. Akawa ananifanyia hayo mimi peke yangu, chumbani, mlango umefungwa. Nilikuwa najifunika mto usoni nisisikike nacheka ndani ya eda.

Jambo la simu lilianza huko huko. Saa ya alasiri ilikuwa ngumu kwangu kuliko saa zote. Usiku nilikuwa nalala, namshukuru Mungu, lakini ikifika alasiri masikio yalikuwa yanangoja yenyewe, bila idhini yangu. Simu hailii. Siku moja nikasema, kama yeye hanipigii, nitampigia mimi. Nikabonyeza jina lake. Yule mwanamke wa kwenye mashine akasema yale anayowaambia watu wote: samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Nikamjibu. "Haya, mama. Ahsante. Nitapiga tena."

Nataka nieleweke hapa. Sikuwa nimerukwa na akili. Najua ile ni mashine. Najua simu yake ilikuwa kabatini, imezimwa, na mwenyewe tumeshamzika. Lakini yule mwanamke alisema samahani. Watu walikuwa wameniambia jikaze, wameniambia ni kazi ya Mungu, wameniambia shukuru hakuteseka, na wote walisema kwa nia njema. Aliyeniomba radhi kwa kuwa hapatikani alikuwa yeye peke yake. Na mimi nimelelewa kwamba mtu akisema nawe kwa adabu humkatii kama umeona nyoka. Basi nikamjibu. Kesho yake nikapiga tena, maana nilishasema nitapiga. Ikawa hivyo kila alasiri.

Shoga aliniona tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekaa kitandani nyuma yangu, ana kitana mkononi. Hakucheka wala hakuuliza. Alitazama chini. Baada ya siku chache, saa ikifika, yeye mwenyewe akawa ananisogezea simu: "Haya, shoga. Saa yako." Na akitokea mtu anabisha, hutoka akamzuia uani kwa maneno mpaka nimalize. Nilimweleza habari ya feri na chai, ambayo sikuwa nimemweleza mtu. Nikamwambia mara moja tu, "Hili libaki hapa." Akasema, "Kwani mimi ni mtu wa kwenda wapi nalo?"

Sikumwapisha. Pengine ilifaa nimwapishe. Lakini mtu anayekuchana nywele, wamwapishaje?

Eda ikaisha. Shoga alikuja na leso mpya na kijiko cha udi, akaniogesha, akanitoa nje akinishika mkono kama bibi harusi. Nakumbuka jua lilivyokuwa kali na watu walivyokuwa wengi. Nilikuwa kama mgeni kwenye mtaa nilioolewa.

Siku hizo hizo za mwanzo nilikuwa kwa muuza samaki karibu na stendi. Mbele yangu palikuwa na mwanamke anataka changu wawili kwa bei yake, na muuzaji amekataa. Yule mwanamke akawarudisha samaki kwenye meza, akaweka mkono sikioni kama simu, kidole gumba juu, cha mwisho chini, akapinda mdomo, akasema kwa sauti ya kuvuta kama anayelia: "Hayaaa, mamaaa. Ahsanteee. Nitapiga tenaaa." Akaondoka zake. Kila aliyekuwapo akacheka, na muuza samaki akacheka, kisha akaniona mimi, akaanza kumparua samaki magamba kwa nguvu sana.

Mtaniuliza: hukuyajua maneno yako mwenyewe? Sikuyajua. Sijawahi kupinda mdomo vile. Sijawahi kuvuta sauti vile. Na maneno yenyewe ni ya kawaida tu, haya, ahsante, nitapiga tena, nani hajayasema? Nilidhani yametoka redioni, au kwenye zile video fupi wanazoangaliana vijana. Nikayasikia tena kwa dereva wa bodaboda aliyekataliwa na abiria. Nikayasikia kwa wasichana bombani, mmoja amemnyima mwenziwe zamu. Nikasema moyoni, mimi nimekaa ndani muda wote huo, dunia imepata mzaha mpya, na mimi sina habari.

Nikataka na mimi niwemo. Siku moja nilikwenda duka la dawa kununua dawa ya macho, msichana akaniambia imekwisha. Nikaweka mkono sikioni, nikapinda mdomo kama nilivyoona, nikasema, "Hayaaa, mamaaa. Ahsanteee. Nitapiga tenaaa."

Walikuwapo watu watatu wanne. Kwanza wakanyamaza. Halafu mmoja akapasuka, na wengine wakafuata, mwanamke mmoja akawa anashikilia kaunta asianguke. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Niliandika jioni ile: leo nimewachekesha watu duka la dawa, bado nimo. Nikavuka uchochoro nikamsimulia shoga, naye yuko na karai la viazi anamenya.

"Walicheka sana?" akauliza.

"Walikufa!"

Akaendelea kumenya. "Vizuri," akasema.

Hiyo "vizuri" yake nimeigeuza kichwani mara nyingi. Sikumwona uso. Huenda alitaka kusema kitu akashindwa. Namwachia nafasi hiyo.

Habari ya darasa la Kizungu nayo ilikuwa fikra yake. Msichana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amemaliza chuo kikuu, angali anangoja kazi, akaona atufundishe wanawake Jumamosi alasiri kwenye chumba cha madrasa. Wengine walitaka kazi za hoteli, Shanzu au Diani. Mimi sikutaka kitu. "Utaoza humo ndani," shoga aliniambia. "Twende tukachekeshane na Kizungu." Nikaenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, na ukweli ni kwamba nilikuwa sisemi kitu. Neno moja moja nilikuwa nalishika, lakini sentensi nzima ilikuwa hainitoki. Mwalimu hakunilazimisha.

Na sababu ya kukaa karibu na mlango ni saa ile. Darasa lilikuwa linaipita alasiri, na alasiri mimi nina simu yangu ya kupiga. Ndiyo, nilikuwa bado napiga. Nilikuwa najifanya naenda msalani, nakwenda nyuma ya tangi la maji, napiga, namjibu yule mwanamke, narudi. Nilidhani ajuaye ni mmoja tu.

Jumamosi ile mwalimu aliandika ubaoni neno "mock".

"Kucheka mwakujua," akasema. "Kutania mwakujua, na anayetaniwa naye yumo mchezoni, anacheka na nyinyi. Kuiga mwakujua, mtoto humwiga mamake na hakuna ubaya. Sasa hili." Akaligonga neno kwa chaki. "Hili ni kumchukua mtu alivyo, ukamwongeza kidogo, au ukampunguza kidogo, ili wanaotazama wamcheke yeye. Na halisimami peke yake. Huwezi kukaa chumbani peke yako uka-mock. Lazima pawe na mtu. Mock her. Mock him. Kwa hivyo mimi nikilisikia tu, nitawauliza: who? Nani anayefanyiwa? Haya, tafuteni wa kutuonyesha."

Wakati huo saa yangu ilikuwa imefika. Nikatoka.

Nyuma ya tangi nilipiga kama kawaida. Samahani, mteja hapatikani. Haya, mama, ahsante, nitapiga tena. Nikakaa kidogo, nikageuka kurudi. Nikiwa njiani nilisikia wanawake wanapiga kelele ndani: "Simama wewe! Fundi ni wewe!" Na sauti nyingine, "Ile ya simu! Fanya ile ya simu, upesi, hajarudi!"

Wallahi hata hapo sikuelewa. Niliongeza mwendo ili kichekesho kisinipite.

Nilipofika mlangoni, shoga alikuwa amesimama mbele ya ubao, amenipa mgongo. Amejitanda leso kichwani kama mfiwa. Mkono uko sikioni. Amepiga magoti nusu, kama anayemwamkia mkubwa. "Halooo?" Akapenga kamasi kwa pembe ya leso. Wakacheka. "Hapatikaniii?" Wakacheka tena, wengine wanacheka kabla hajafika, kama watu wanaoimba wimbo wanaoujua. "Hayaaa, mamaaa. Ahsanteee." Na mimi pale mlangoni nilikuwa natabasamu. Ndipo akaongeza: "Akifika feri mwambie chai inapoaaa!"

Feri. Chai. Hayo yalikuwa na watu watatu duniani: aliyezikwa, mimi, na yeye.

Sijui nilisimama muda gani. Wanawake wanaoelekea mlango waliniona mmoja baada ya mwingine, na nyuso zikawa zinafungika mmoja baada ya mwingine, kama maduka wakati wa swala. Wasioniona walikuwa shoga, kwa sababu ya mgongo, na mwalimu, kwa sababu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Yeye hakuwa na habari ya lolote, hilo naliandika wazi. Alimwona mwanamke anaigiza vizuri, akapiga makofi.

"Very good! Sasa nipeni sentensi. She is mocking… who?"

Wakatazama sakafu.

"Jamani, leo mmekuwaje? Si mmecheka? Who is she mocking?"

Yule bibi wa chaki anazungusha bangili mkononi.

"Me," nikasema. "She is mocking me."

"Very good!" akasema mwalimu, maana sentensi ilikuwa sawa, na ilikuwa ya kwanza kutoka kwangu. Kisha akanitazama vizuri, akaiona simu mkononi mwangu, na mkono wake ukapanda ukaufunika mdomo. Shoga akageuka. Mkono wake ulikuwa bado uko sikioni, kama mtu anayesikiliza.

Nilivaa ndara nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikaona nimevaa moja yangu ya buluu na moja ya kijani ya mtu mwingine.

Jioni ile nilikaa nikajaribu kumpimia haki. Niliweka upande mmoja kitana, sahani, majuma aliyolala kwangu, udi. Upande mwingine niliweka samaki, bodaboda, bomba, duka la dawa. Nikajiambia, labda najikweza. Mtu anayejibizana na mashine anachekesha, hata mimi ningemwona mwingine ningecheka. Nikajiambia, hakuiba kitu, hakunitukana. Na wale wanawake sikuwakasirikia hata kidogo, mtu akichekeshwa hucheka. Lakini kila nikimpunguzia, narudi pale pale: nilipokwenda kumsimulia nilivyowachekesha watu, yeye alijua kwa nini walicheka, akaniacha nifurahi. Mtaa mzima ulijua mimi nacheza mchezo wa nani. Aliyekuwa anaweza kunizuia alikuwa anamenya viazi.

Kesho yake alasiri ikafika. Nilikaa kitandani, simu mkononi. Nikabonyeza jina, nikakata kabla yule mwanamke hajasema. Nikajaribu tena, nikakata. Kila nikiinua mkono kuuweka sikioni, nilikuwa najiona kwa nyuma, nimejitanda leso, nimepiga magoti nusu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko. Nilikuwa na saa moja tu kwa siku ambayo bado nilikuwa mke wa mtu, na sasa saa hiyo ilikuwa imejaa watu.

Akabisha hodi. Nilimjua kwa hodi. Aliingia na ndara yangu ya buluu mkononi, akaiweka chini polepole karibu na mwenziwe, akakaa kwenye kiti, si kitandani.

"Hujapiga," akasema. Ameiona simu.

"Haipigiki."

"Wataka nikwambie ilivyokuwa, au hutaki?"

"Sema. Nasikiliza."

"Ulipokuwa ndani, kila nikitoka kwako watu wananikamata. Shoga yako yuko vipi? Yualia? Yuala? Kila siku, kila mmoja. Nikachoka kujibu. Mimi kusema sijui, wajua mwenyewe, mimi najua kuonyesha. Siku moja pale bombani nikawaonyesha. Nikawaonyesha unavyompigia. Walilia, wallahi. Mara ya kwanza walilia, wote. Yule bibi mnene alilia mpaka nikamshika."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili kuna mmoja alicheka. Sijui kwa nini, pengine kwa kuona haya. Akacheka, na wengine wakacheka." Akatazama mikono yake. "Na mimi nikisikia watu wanacheka, shoga… wanijua. Mkono wenyewe unaongeza."

"Na feri?"

"Feri nimeiongeza jana tu. Ya zamani walikuwa wameshaizoea."

Namshukuru kwa kusema hivyo, kwa sababu angeweza kudanganya. Niliiamini habari yake yote na bado naiamini. Nikafikiri kidogo, halafu nikasema neno ambalo hata mimi sikulitarajia. Nikampa simu.

"Nionyeshe," nikasema.

"Shoga, usinifanyie hivyo."

"Nionyeshe ile ya kwanza. Ile waliyolia."

Alikataa, kisha akaona sishushi mkono. Akaichukua. Akainuka kwenye kiti akaja kukaa kitandani, pale ninapokaa mimi, akielekea kabati. Kwanza aliiweka sawa leso kichwani, kwa vidole viwili, kama mtu anayetaka kuonekana nadhifu. Akaipangusa simu kwa kiganja. Akaiweka sikioni. Hakupinda mdomo. Hakuvuta sauti. "Haya, mama," akasema, kwa upole, kama unavyosema na karani aliyejaribu kukusaidia. "Ahsante. Nitapiga tena." Na akabaki na simu sikioni baada ya maneno kwisha, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa mlango, anasikiliza, kama kuna hodi inakuja. Halafu akaishusha.

Sikujua kwamba naiweka sawa leso. Sikujua kwamba nabaki nasikiliza mlango. Ilikuwa ni mimi, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Hata mume wangu nadhani hakuwahi kunitazama vile.

"Hivyo," akasema, na machozi yakawa yanamtoka. "Ndivyo ulivyokuwa."

Kama angekosea, ningesema amesahau. Ningesema ameniona vibaya, au chumba kilikuwa na giza, au hakuelewa anachokitazama. Nilikuwa nimemwekea tayari sababu hizo, na ningemkabidhi moja aende nayo. Lakini aliijua sawasawa. Alikuwa nayo muda wote, nzima, kama alivyoipokea, na kila akienda kuwachekesha watu alikuwa anaiacha hiyo nyumbani na kuchukua ile nyingine.

"Nisamehe," akasema.

Nikamwambia sina kinyongo. Sijui kama ni kweli. Nililisema kwa sababu lilikuwa karibu na kweli kuliko maneno mengine niliyokuwa nayo.

Akapangusa uso, akanirudishia simu, ikiwa na joto la mkono wake. Mafuta yake ya viazi yalikuwa yanamngoja. Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho nije?"

"Haya," nikasema. "Ahsante."

Nikaisikia sauti yangu imesimama hapo. Yeye hakuondoka. Alibaki mlangoni, mkono juu ya kitasa, kichwa amekiinamisha kidogo, anangoja, kwa sababu maneno anayajua na anajua yaliyobaki ni mawili. Mimi pia nilikuwa nayangoja. Sikuwa nimeyazuia, naapa. Hayakuja tu.

Akavuka uchochoro. Baada ya muda nikasikia viazi vinaingia mafutani.